Nauli ya Godoro la Runzewe

Binti yangu anauza nguo kwa simu siku hizi. Nikimsikia anamwambia mteja wa mkoani, "Usafiri nimeshaweka humo humo, dada, usiwaze," nashtuka. Namuuliza: mwenye gari umemuuliza? Ananicheka, ananiita bibi wa stendi. Acheke tu. Mimi nauli ya mzigo ilinitoa machozi mbele ya watu, kule Runzewe, miaka ya tisini.

Tulikuwa na kibanda karibu na stendi ya Shinyanga, mimi na marehemu mume wangu. Tulikuwa tukiuza magodoro, majembe na misumari. Wateja wengi walikuwa wa machimboni, Mwakitolyo huko na mbele ya Kahama. Wanalipa bei pamoja na nauli, sisi tunaupandisha mzigo kwenye basi. Mtaja nauli alikuwa mume wangu, na yeye kabla ya duka alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba. Jamani! Mtu aliyezoea kupima pamba haamini kitu mpaka akining'inize. Kila mzigo aliutundika kwenye mzani wake, akasoma kilo, akataja nauli kwa kilo hizo.

Kwa misumari, sawa. Lakini godoro la sponji? Godoro halina uzito, linakula nafasi. Konda habebi mzani mfukoni. Anatazama keria juu ya basi, anaona godoro limekalia pahali pa magunia matatu, anataka nauli ya magunia matatu. Nilimwambia mume wangu. "Nimepima pamba ya Wasukuma wote hawa," akasema, "wewe ndiye wa kunifundisha kilo?" Sikio la kufa halisikii dawa. Makonda waliotuzoea walibeba huku wakitutania, naye akazidi kuona yuko sahihi.

Ndipo akaja mama mmoja wa makamo kutoka Runzewe. Mwanawe wa pekee alikuwa ameangukiwa na kifusi shimoni, akichimba dhahabu. Hospitali walimrudisha nyumbani, kiuno kwenda chini hajiwezi. Alikuwa akilala kwenye ngozi ya ng'ombe, na mgongo ulishaanza kufanya vidonda. Mganga wa zahanati alikuwa amemwambia mama wazi: asipolala mahali laini, vidonda hivyo ndivyo vitakavyomuua. Mama akauza ndama wake, akaja. Godoro nene alilotaka lilikuwa limekwisha, lingeletwa kutoka Mwanza kesho kutwa, naye hakuweza kumwacha mgonjwa muda wote huo. Akalipa. Kisha akauliza, "Baba, huko mbele hakuna nitakachodaiwa? Maana sina kingine."

"Umemaliza, mama," mume wangu akamjibu. "Wewe kalipokee tu."

Godoro lilipofika tukalipandisha kwenye basi ambalo konda wake hakuwa akitujua. Kahama abiria walijaa na mizigo yao, konda akataka nyongeza kwa ajili ya nafasi. Amdai nani? Akalishusha, akaliacha kwa wakala wa basi, akaendelea na safari. Sisi hatukujua lolote. Simu zenyewe zilikuwa wapi? Ni dereva mmoja, siku nyingi baadaye, aliyetuambia kama mzaha: godoro letu limelala Kahama kwa wakala, na kuna mama kule Runzewe, kila basi likisimama anamtuma jirani aulize godoro lake.

Nilipandwa na hasira. "Leo huo mzani wako uupike tule," nilimwambia. Alikaa ameinamisha kichwa, halafu akatoa pesa ya safari akanipa. "Nenda wewe," akasema. "Mimi yule mama sitaweza kumtazama." Nilimwonea huruma, ila sikumwambia.

Kahama nililipa kilichotakiwa, godoro likapanda keria, na kila tuliposimama nilishuka kuhakikisha bado lipo. Runzewe jirani yule alikuwa stendi. Tukajitwika, mimi mbele, yeye nyuma, mpaka nyumbani kwa mama.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Nisamehe, siinuki."

Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Mwanawe, mwanamume mzima mwenye ndevu, alikuwa amelazwa juu ya mapaja yake, khanga imekunjwa katikati. Jirani akaninong'oneza kuwa tangu godoro lichelewe wanalala hivyo, mama hatoki hapo ila kwa haja, na ndiyo maana kijana bado yupo. Nilipiga magoti, nikaanza kumwomba radhi, kilio kikanishinda. Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Pole na safari," akasema. "Sasa na wewe nauli yako nitakulipa nini?"

Tulitandika godoro pembeni yake, tukamwinua kijana taratibu, mimi mabegani, jirani miguuni, tukamlaza. Mama akajaribu kusimama. Miguu ilikataa, akabaki palepale ameegemea ukuta.

Kijana alishusha pumzi ndefu. Macho alikuwa ameyafumba. Akapapasa chini yake kwa mkono, akapapasa tena.

"Mama, umeenda wapi?"

"Nipo, mwanangu," akasema, akijikokota kwa viganja kumfuata. "Nipo hapa."