Chatu Aliyenukia Jumapili

Enzi zetu pale mtaani Umoja kila mtoto alikuwa na kazi yake, na hakuna aliyeulizwa kama anaitaka. Kuna aliyeruka kamba na mdogo wake mgongoni, kuna aliyetumwa mafuta taa akarudi nusu chupa imemwagikia soksi, kuna aliyechambua maharagwe huku wenzake wakirushiana mpira wa kati nje ya dirisha. Kazi yangu ilikuwa kumtunza chatu. Msicheke. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na umri wa miaka kumi, na katika mtaa wetu hakuna mtoto aliyemjua nyoka kunishinda.

Baba alikuwa dereva wa lori. Ujanani aliwahi kumfanyia kazi mfugaji mmoja wa nyoka, na mzee huyo alipofunga shamba lake alimwachia Baba chatu mchanga pamoja na karatasi za ruhusa zenye mihuri. Chatu huyo aliishi ndani ya sanduku la mbao lenye wavu, katika kile chumba tulichoongeza nyuma ya jikoni. Tulimwita Shangazi kwa sababu alikuja kama mgeni wa siku mbili tatu, akala, akalala, na hakuna aliyethubutu kumwambia aende. Dada yake Baba, ambaye alitutembelea kila Agosti kwa mtindo huohuo, hakuona cha kuchekesha.

Mama hakutaka hata kumsikia. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, na kwake nyoka ni yule wa Edeni, mjadala umefungwa. "Huyo shetani wako akivuka mlango wa jikoni," alikuwa akimwambia Baba, "mimi narudi kwetu na watoto na kuku." Kuku walikuwa sita, wa mayai, na aliwapenda waziwazi. Akipita karibu na lile sanduku alimkumbatia mdogo wangu kifuani na kupandisha sauti ya wimbo.

Jumapili moja nilimkuta Shangazi amejikunja ndani ya bakuli lake la maji, na jioni bado alikuwa humohumo. Baba alimtoa akampeleka dirishani kwenye mwanga. Chini ya kidevu na pembeni mwa macho tuliona vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Kisha vile vidoa vikatembea.

"Utitiri," Baba akasema. "Utitiri wa nyoka huu. Wanamnyonya damu. Tukizembea watamuua."

Asubuhi iliyofuata alikuwa anaondoka na lori kwenda Malaba, safari ya wiki nzima, kwa hiyo alinifundisha jioni ileile. Kila siku nimloweshe Shangazi nusu saa katika karai la maji ya uvuguvugu, yamfike shingoni. Utitiri hukimbia maji na kupanda kichwani, na hukohuko niwafute kwa pamba yenye mafuta ya kupikia. Magazeti anayolalia niyachome. Nyufa za sanduku nizimwagie maji yanayochemka. Kesho yake, nirudie.

"Hii si kazi ya siku moja, Mwende. Leo unaua wazazi, kesho mayai yanaangua. Na usimpake dawa ya aina yoyote, umenisikia? Ngozi yake inakunywa."

Nilimsikia vizuri sana. Na nilikuwa na sababu yangu ya kutaka Shangazi apone, kwa maana Baba alikuwa ameahidi kumleta darasani siku ya kufunga shule, na darasa zima lilikuwa linaniita mwongo. "Wee Mwende, wacha kutubeba ujinga! Nyoka gani analala kwa nyumba na watu?"

Jumatatu nilimlowesha, Jumanne nikamlowesha. Jumatano bomba likakauka. Wale wa rika langu wanaelewa, maana maji ya mtaani yalikuja yalipojisikia. Alhamisi bomba likanikoromea tu nilipolifungua. Vile vidoa vilikuwa vimeongezeka, Shangazi amelegea, na mimi nikaanza kuona siku ya kufunga ikinikuta mikono mitupu.

Ndipo nikakumbuka kopo la dawa ya unga ya kuku. Mama alikuwa akiwanyunyizia kuku wake asubuhi, na jioni utitiri wote umekufa. Nikajiambia kwamba utitiri ni utitiri. Nilimnyunyizia Shangazi kuanzia shingo hadi mkia, bila choyo, kama mtu anayetandaza unga kwenye kibao cha chapati.

Haukupita muda mrefu. Kichwa chake kilianza kupinduka, kidevu juu, kana kwamba anatafuta kitu darini. Nikakinyoosha, kikapinduka tena. Mwili ukawa unatetemeka na mdomo ukaachama. Nikapiga kelele, "Mama!" ingawa katika ulimwengu mzima hakuna aliyekuwa na sababu ndogo kuliko yeye ya kumwokoa yule nyoka.

Mama alitokea na mtoto mkononi. Akatazama kopo, akamtazama Shangazi, akanitazama mimi.

"Umempaka dawa ya kuku?"

"Ndiyo, Mama."

Nilisubiri kofi. Badala yake akanipa mtoto nimshike. Pale pembeni kulikuwa na mitungi miwili ya maji, maji ya mwisho nyumbani, ambayo Mama aliyapangia foleni tangu alfajiri. Alimimina mtungi wa kwanza ndani ya karai la kumwogeshea mdogo wangu, akaongeza maji moto ya birika, akayapima kwa kiwiko kama alivyompimia mtoto. Halafu akamshika Shangazi kwa mikono miwili.

Aliimba muda wote, na beti zilikuwa zinaingiliana. Alimsuuza, akamwaga, akamimina mtungi wa pili, akasuuza tena, huku amemwinulia kichwa asizame. Alipomaliza alimkausha kwa leso yake mwenyewe. Mafuta ya kupikia yalikuwa yameisha, kwa hiyo akaleta yale ya mgando yenye manukato, ya kujipaka kwenda kanisani tu, akamfuta nayo kidevuni na pembeni mwa macho. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda Mama saa ile.

Jioni kichwa cha Shangazi kilikuwa kimekaa sawa, na ulimi ukaanza kutoka na kuingia. Mama alinawa mikono mara tatu, akakaa kwenye kigoda.

"Baba yako asijue nilimshika huyu. Atanicheka mpaka kaburini. Na mimi sitasema ulimpaka nini. Tumeelewana?"

Tulielewana.

Baba alirudi Jumamosi. Alimwinua Shangazi, akamkagua kidevu na macho, akanusa. Akanitazama mimi, kisha akatazama jikoni, ambako Mama alikuwa anaimba kwa nguvu zisizohitajika.

"Huyu ananukia Jumapili," akasema.

Mama akapandisha sauti zaidi. Tuliendelea kumlowesha na kuchoma magazeti majuma matatu zaidi mpaka hapakusalia hata kidoa kimoja, na siku ya kufunga shule nilipita mbele ya darasa na Shangazi mabegani, polepole, huku wale walioniita mwongo wamepanda juu ya madawati. "Manze Mwende," mmoja akasema kutoka huko juu, "umetuweza."

Siku hizi mwanangu wa miaka kumi na minne akiona mjusi bafuni anatoka mbio na taulo, lakini kwanza anamrekodi kwa simu. Kabla sijashika ufagio, ukoo mzima umeshamwona mjusi wetu. Watoto wa siku hizi ni wazuri, na maji yao ya moto hutoka ukutani, hakuna anayeyapima kwa kiwiko. Ila jambo likitokea nyumbani haliishii nyumbani tena, na hilo linaniuma. Natamani zile nyumba zilizojua kunyamaza.

Baba alitutoka zamani. Mama bado yuko katika nyumba ileile, ingawa magorofa yamemzibia jua. Mwezi uliopita tukiwa kwake tunakunywa chai, niliona hakuna tena wa kufichwa, nikamwambia mbele ya wajukuu, "Mama, waambie ulivyomwogesha chatu."

Simu tatu zikainuliwa kurekodi. Mama akaweka kikombe chini.

"Chatu gani? Mimi sijawahi shika nyoka." Kisha akanigeukia. "Na wewe hujawahi mpaka dawa."