Tulichomficha Baba Jerash

Kwetu mgonjwa ndiye wa mwisho kujua anaumwa nini. Ndivyo mama alivyolelewa Unguja, na Maskati haikumbadilisha hata chembe. Daktari wa Ruwi, mtaa wa hapo hapo Maskati, aliposema mishipa mitatu ya moyo wa baba imeziba, mama alitukusanya jikoni, akafunga mlango, akatuapisha. Baba aambiwe anakwenda Amman, Jordan, kwa vipimo tu. Habari ya kupasuliwa ataambiwa huko huko, usiku wa kuamkia siku yenyewe. Kazi ya kusema uwongo nikapewa mimi, kwa kuwa sikuwa na watoto wa kuacha na benki ninakofanya kazi walinipa ruhusa.

Lakini tulipofika Amman, baba hakuwa mtu wa kukaa hotelini. Alisomesha historia miaka mingi, Unguja kwanza halafu Maskati, na Warumi aliwafundisha kutoka kitabuni bila kuliona hata jiwe lao moja. Jumamosi asubuhi akarudi chumbani kutoka mapokezi na tiketi mbili za ziara ya kutwa: Jerash, mji wa Warumi, pamoja na makanisa ya Wakristo wa mwanzo.

"Vipimo si mpaka Jumatatu," akasema. "Tukae humu tutazamane?"

Nikasema kuna jua, kuna vumbi, na mimi kichwa kinaniuma.

"Basi baki."

Daktari alinionya asipande hata ghorofa moja. Sasa nimkataze kwa sababu gani? Nikavaa viatu.

Asubuhi nzima nilikuwa roho juu. Kwenye kanisa la kale, wenzetu waliinama kutazama ndege waliopangwa sakafuni kwa vijiwe vya rangi. Mimi nilitazama midomo ya baba kama inabadilika rangi. Yeye alikuwa akimsahihisha kiongozi wa ziara, Mjordani mpole aliyevumilia kuliko ambavyo ningevumilia mimi. Nilimwonea baba hasira na huruma kwa pamoja.

Kisha tukaingia kwenye ukumbi wa maonyesho wa Warumi. Safu za mawe zimepanda juu nusu duara, na ngazi zake ni ndefu, kila moja inataka uinue goti. Kiongozi akatuonyesha jiwe moja chini, katikati. Anayesimama hapo, alisema, hata akisema kwa sauti ndogo husikika juu kabisa. Uso wa baba ukang'aa.

"Simama hapo, mwanangu. Mie nnapanda. Sema chochote."

"Sikiliza kutoka safu ya kwanza, baba."

"Ya kwanza hata kiziwi anasikia."

Akapanda. Nusu ya njia akasimama, akasugua kifua kwa kiganja, akatazama juu, akainua tena mguu. Nisingemfikia. Nilisimama juu ya jiwe lile, na uwongo wote wa kule jikoni ukanishinda.

"Baba, kaa kitako. Usipande tena. Si vipimo. Mishipa mitatu ya moyo wako imeziba, na Jumatatu wanakupasua."

Sikupaza sauti. Watalii walipiga makofi, labda wakidhani nimesoma shairi. Baba akakaa.

Nilimfuata, nikakaa pembeni yake. Hakunitazama.

"Nani mwengine anajua?"

"Sote."

"Na mama yako?"

"Yeye ndiye aliyetuapisha."

"Miaka yote hii nnalala naye kitanda kimoja," akasema. "Sijapata kumuona akinificha kitu."

Macho yake yalijaa machozi, nami nikalia bila kuona haya mbele ya wageni. Niliichukia ile desturi yetu, nikajichukia na mimi niliyeitii. Tulishuka ngazi moja moja, tukipumzika, mkono wake begani kwangu.

Simu ya mama ililia hotelini kabla ya magharibi.

"Vipi, hajashtukia?"

Sauti yake ilikuwa kubwa, na baba alikuwa kitandani karibu yangu. Akanitikisia kichwa haraka, kidole mdomoni.

"Hajui kitu, mama," nikasema.

"Alhamdulillahi. Mpe nizungumze naye."

Baba akapokea, akasafisha koo, na kwa mkono wa pili akashika wangu mpaka ukaniuma.

"Leo nimewaona Warumi, bibi wee," akamwambia huku akicheka. "Ah, vipimo tu hivyo, wasiwasi wa nini? Kesho kutwa jioni n'takupigia mwenyewe."