Ubao Uliokwenda Stesheni

Siku yangu ya kwanza ya ualimu nilifuta ubao mara nyingi kabla mwanafunzi yeyote hajaingia. Kila herufi niliyoandika niliiona imepinda. Sikuwa nimepita chuo chochote. Nilijifunza kusoma nikichunga ndama wa Kaburu mwenye shamba, kwa kitabu cha misheni kisicho na jalada, na niliogopa kwamba siku moja mtu angesimama aseme: huyu hajui kitu.

Shule yetu ilikuwa banda la magari ya maksai katika shamba moja upande wa Soy. Ubao wenyewe ulikuwa ubavu wa gari la akiba, tulioupaka makaa yaliyosagwa pamoja na majani mabichi. Wanafunzi walikuwa watoto wa maskwota, familia zilizoruhusiwa kuishi shambani kwa sababu zilimfanyia kazi mwenye shamba. Waliandika kwa vijiti mchangani. Kila alfajiri niliandika somo lote ubaoni, na watoto walipofika nililisoma tu, neno kwa neno. Hivyo sikukosea mbele ya watu.

Msimu mmoja, katikati ya mavuno, tulipata habari kwamba Bwana Mkaguzi wa shule anakuja kutoka Eldoret, mji ambao wazee bado waliuita Sisibo. Asiporidhika, shule ingefungwa na watoto wangerudi kufukuza ndege kwenye ngano. Asubuhi hiyo nilijaza ubao mpaka pembeni. Mara nyapara, Mzee Wafula, akaingia na maksai.

"Mwalimu, toa watoto. Gari inaenda stesheni na mahindi."

"Mzee, si leo! Mkaguzi yuko njiani."

"Mwambie Kaburu hayo. Mimi nimetumwa gari, sijatumwa shule."

Nilikimbia kando ya gari nikimsihi mpaka langoni. Hesabu zangu zikakata kona zikaenda.

"Usijali," alinipigia kelele, "maksai watasoma!"

Mkaguzi alinikuta nimesimama mbele ya nafasi tupu.

"Ubao uko wapi, Mwalimu?"

"Umekwenda stesheni, Bwana."

Watoto wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikaa juu ya gunia. "Basi fundisha."

Nilitamani kusema ninaumwa. Lakini niliwaangalia wale watoto, nikajua kesho wangekuwa wapi nikikimbia, nikakataa. Niliokota magunzi ya mahindi sakafuni, nikamwita Taprandich, msichana aliyependa kujificha nyuma.

"Haya ni kumi na saba. Gawia watu wanne sawasawa."

Akagawa. Likabaki moja.

"Sasa tufanyeje?" nikamuuliza, nami sikuwa nimeandaa jibu.

Akafikiri. "Ongeza matatu, Mwalimu. Kila mtu atapata matano."

"Na kama hakuna ya kuongeza?" akadakia mwenzake.

"Basi Mwalimu ale hilo moja!"

Wakaanza kubishana, kila mtu na magunzi yake. Kwa mara ya kwanza nilisikia darasa langu likifikiri.

Mkaguzi aliinuka akajipangusa suruali. "Shule itaendelea. Lakini wewe huna cheti. Shikilia mpaka tulete mwalimu aliyesomea kazi hii."

Nilishikilia. Niliomba nafasi ya kusomea ualimu, nikakataliwa, nikaomba tena mpaka wakanichukua, na katekista mmoja wa misheni akanishikia darasa. Baadaye nilifundisha Burnt Forest, kisha mjini Eldoret, chini ya walimu wakuu wakali na wapole, mpaka nikastaafu. Walimu vijana huniuliza niliacha lini kuogopa kukosea. Sikuacha. Niliingia darasani na hofu yangu, basi. Wakiendelea kuuliza, huwasimulia siku niliyotoka chuoni.

Wazazi walikuwa wameambiwa kwamba mwalimu mwenye cheti anakuja siku hiyo. Walijipanga mbele ya banda na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Nilipotokea na sanduku langu kichwani, walinisalimu kwa furaha, kisha wakachungulia nyuma yangu.

"Mwalimu, umetangulia?" akauliza mamake Taprandich. "Mgeni wetu yuko wapi?"

"Ndiye mimi, Mama."

Alinitazama kutoka viatu mpaka nywele.

"Wewe wewe?"

"Mimi mimi."

"Haya, weka sanduku chini, unywe maziwa ya mgeni."

Nikanywa yote, nikafuta midomo, nikaingia darasani.