Fidla Zilizopigwa Kanisani Didia

Mwanangu, ipo siku moja ambayo naikumbuka kuliko hata ya harusi yangu.

Tulikuwa Didia, miaka michache kabla ya Uhuru. Mvua ilikuwa imenyesha vibaya, na lori la Wazungu wapiga muziki waliokuwa wakienda kwenye mgodi wa dhahabu Geita likazama kwenye tope. Baba yangu, Mzee Lusangija, akalitoa kwa ng'ombe wake.

Baba alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma, anajulikana hadi Shinyanga mjini. Mwaka ule alikuwa amemfukuza kaka yangu Masanja kwenye kundi lake, kisa katunga wimbo wa mapigo mapya. Hawakusalimiana tena. Mama alikonda kwa ajili yao.

Basi wale wageni, kwa kushukuru, wakatupigia muziki wao kanisani mchana ule ule. Padre alitueleza kwamba wangeanza na wa kale, ambao watunzi wake walikufa kabla babu zetu hawajazaliwa. Kisha wangepiga mpya, wa mtunzi aliye hai.

Fidla zile, ndogo kwa kubwa, zilianza kwa pumzi moja. Sauti ilipanda hadi kwenye mabati, ikashuka taratibu, moja inaita na nyingine zinaitikia. Nywele zilinisimama. Mama alinishika mkono akasahau kuuachia.

Ukaja ule mpya. Loo! Nyuzi zilikwaruzana, zikagombana, zikanyamaza ghafla. Watu waliguna, wengine wakacheka. Mimi niliogopa, lakini macho hayakubanduka. Baba akainuka. Nikajua anatoka. Kumbe alisogea mbele kabisa, akasimama kuvitazama vidole vyao mpaka mwisho.

"Padre," akauliza, "hawa ndio waliopiga ule wa kwanza?"

"Ndio hao hao, Mzee."

"Kwa fidla zile zile?"

"Zile zile."

Baba akageuka. Alitoka nje, nasi nyuma yake, akamkuta Masanja amesimama dirishani, maana aliona haya kuingia alimo baba yake.

"Shikamoo, baba," Masanja akasema, akiinamisha kichwa.

Baba akamtazama. Halafu, "Marahaba. Ule wimbo wako, njoo uniimbie nyumbani. Sidhani kama nitaupenda. Ila nitausikiliza wote."

Mama alilia pale pale, mbele za watu.

Na kweli, mwanangu, baba hakuupenda hata kidogo! Lakini msimu wa ngoma ulipofika, wimbo wa Masanja ulichezwa uwanjani baada ya ule wa baba, naye baba akaupigia makofi.

Sikwambii upende kila kipya. Nakuomba tu, jambo la mwanao likikukwaruza, usimfukuze kabla hujamsikia. Yawezekana ana mikono uliyoifundisha wewe mwenyewe. Mungu akujalie subira hiyo, na wanao wasiogope kuingia nyumbani mwako.