Nimemtumbulia macho mama mkwe kwa Kireno

Jamani, leo nimemtumbulia macho mama mkwe hadi kikapu kikamdondoka.

Ngojeni nieleze.

Kesho natembeza wageni kutoka Brazili kule mbugani Mikumi, kwa hiyo asubuhi nilikuwa sebuleni najifunza Kireno kwenye simu. Mwalimu wa humo kasema ukijifunza kitenzi, kifanye.

Nikaanza na "arregalar", yaani kukodoa macho kwa mshangao. Nikakodoa.

Nikaja kwenye "esbugalhar". Hiki ni kikali zaidi, unayatumbua hadi yanataka kutoka. Nikayatumbua, halafu nikageukia mlangoni.

Mlangoni kasimama mama mkwe, ametoka kijijini kwao Ulaya, si ile ya Wazungu, na kikapu chake cha ndizi.

Mkwe! Mtu ambaye hata kumtazama usoni naona aibu, leo namtolea macho kama mjusi kabanwa na mlango. Na shikamoo sijatoa.

"Baba, nimekukosea nini?" akauliza taratibu.

Nilipiga shikamoo tatu mfululizo huku naokota ndizi. Nikaeleza yote: wageni, simu, Kireno. Akaniuliza tu, "Kwa hiyo hayo ndiyo masomo?" Nikasema ndiyo, mama. Akanywa chai, akaaga. Hata tabasamu hakuna. Nikajua nimekwisha.

Sasa hivi baba mkwe kampigia simu mke wangu, sauti ya chini kabisa. Anasema mama tangu arudi anamkodolea macho tu. Akimuuliza kulikoni, anajibiwa, "Niache, nasoma."

Mzee anataka kujua amekosa nini.

Nani amwambie? Mimi nimezima simu.