Dorotea Avuka Mpaka wa Kobero

Dorotea wa Buhongwa alikuwa fundi wa mashine za kusokota nyuzi kule Nyakato, Mwanza, hadi mwaka 1992, kiwanda kilipopunguza wafanyakazi. Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, kila mtu anauza kitu, naye akaanza kuuza vitenge. Vitenge vizuri, aliambiwa, viko Burundi.

Aliyemwambia ni Hadiya, jirani yake sokoni, aliyekwisha kwenda mara mbili.

"Ni nchi ndogo, Mama Masalu. Vilima tupu, na kila kilima kina watu wake. Lakini ni nchi ya kale, ilikuwa na wafalme kabla ya Mjerumani, na ngoma zao wanaziheshimu kama sisi tunavyoheshimu makaburi. Mtu akikusalimia atakushika mkono wote, usiuvute. Kiswahili kinatosha sokoni. Ila usimuulize mtu kabila lake. Hata kwa utani."

Oktoba 1993 Dorotea alivuka mpaka wa Kobero hadi Muyinga, mji mdogo wa Burundi, akapanga chumba kwa mjane aliyeitwa Jeneroza. Kila kitu kilikuwa kama alivyoambiwa. Jeneroza alimshika mkono hadi kwenye kiwiko, akampa maharage na ndizi, akamwonyesha kwa kidole kilima alikozaliwa, ambako kaka yake bado aliishi.

Siku ya tatu, Alhamisi, redio ilinyamaza. Kufikia saa nne asubuhi watu walikuwa wakinong'ona kwamba rais amekamatwa na wanajeshi. Kesho yake wakasema ameuawa. Soko halikufunguliwa. Moshi wa nyumba ukaonekana kwenye kilima kimoja, kisha kingine; majirani walikuwa wakiuana kwa kabila, na Jeneroza akafunga mlango kwa komeo.

Jumamosi kulipopambazuka Dorotea alimkuta jikoni akichoma kitambulisho chake mwenyewe.

"Mama Masalu, unarudi kwenu?"

"Narudi. Kwa miguu kama hakuna gari."

"Nichukue. Sema mimi ni wifi yako."

"Ukifungua mdomo watakujua."

"Basi sitafungua."

Dorotea alitaka kukataa. Lakini alikuwa amekula chakula cha mwanamke huyu siku nne. Alimfunga kitenge kimoja kiunoni na kingine kichwani, kama wanavyofunga wanawake wa Mwanza, wakatoka wameshikana mikono.

Mchana walikuta mti umeangushwa barabarani. Wasafiri kama kumi walikuwa wamesimamishwa hapo. Wanaume wenye mapanga walikuwa wamekalia gogo, na mmoja, mwenye koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, alisimama akawafuata. Dorotea alitazama panga. Lilikuwa limeoshwa punde tu, maji yanachuruzika. Hapo vidole vyake vikafunguka vyenyewe, akauachia mkono wa Jeneroza, akasogea hatua moja pembeni.

Yule mtu alichukua hati ya kusafiria ya Dorotea, akaishika juu chini. "Mtanzania?"

"Ndiyo, baba. Wa Mwanza."

"Na huyu?"

Dorotea akarudi ile hatua, akaushika tena ule mkono.

"Wifi yangu. Ni bubu, tangu kuzaliwa."

"Bubu husikia?"

"Husikia. Lakini lugha yenu haijui."

Yule mtu alimzunguka Jeneroza taratibu. Akiwa nyuma yake akasema jambo kwa Kirundi, kwa sauti ya kawaida tu. Wasafiri wote wakaruka, wakatazama miguuni mwao. Dorotea hakuelewa kitu, akabaki ameduwaa. Jeneroza naye hakutikisa hata ukope. Mkono wake tu ndio uliolowa jasho.

"Piteni," yule mtu akasema.

Hawakukimbia. Walipoupita mteremko Jeneroza aliketi chini akatapika.

"Alisema nini?" Dorotea aliuliza.

"Kwamba tumesimama juu ya siafu."

Jioni waliiacha barabara, wakapita porini pamoja na watu wengine waliokuwa wakikimbia, hadi upande wa Tanzania. Kanisa moja la Ngara liliwapa uji na mikeka. Walikaa hapo siku mbili. Siku ya pili Dorotea alishindwa kuendelea kunyamaza.

"Jeneroza, pale kwenye gogo niliuachia mkono wako."

"Nilihisi."

"Niliogopa."

"Niliogopa pia. Ingekuwa wewe, sijui kama ningerudi."

Dorotea akarudi Mwanza. Jeneroza alibaki Ngara na wakimbizi wenzake, na mwezi Februari dereva wa lori alileta Buhongwa karatasi ndogo yenye mwandiko wa Jeneroza: kaka yake amepatikana, hai. Dorotea aliisoma amesimama mlangoni. Mumewe, Paulo, alipomuuliza mbona analia na habari ni njema, alimwambia ni moshi wa jikoni. Vitenge aliendelea kuuza, ila alivinunua Mwanza mjini kwa wenye maduka, na akina mama waliompita kuelekea Burundi aliwasindikiza hadi stendi, akawashika mkono hadi kwenye kiwiko.