Mpika Halua Asiyeonja

Jua limeshapanda Vikokotoni, na Jaku Makungu anakoroga halua kwa mikono miwili, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kikoi. Iliki inanukia hadi njiani. Wapita njia wanasimama, wanameza mate, wanakwenda zao.

Yeye mwenyewe hagusi. Anachota kidogo kwa kijiko, anapuliza, kisha anaita.

"Bi Mwatima!"

"Naam!"

Mkewe anatoka uani, anapokea kijiko, anaonja. Jaku hamwondolei macho mdomoni.

"Iliki imezidi."

"Imezidi au imekolea?"

"Imezidi, Baba Mwanakheri. Kama huniamini, tafuta ulimi mwengine."

Jaku ana miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Makunduchi, na kazi hii alifunzwa na mjomba wake tangu ujanani. Mwaka 1968 alishikwa na kiu isiyokatika. Sisimizi walipoanza kujaa chooni, mkewe akamhimiza aende hospitali. Huko akaambiwa ana kisukari, aache vitamu.

Akaacha, au ndivyo alivyodhani. Halua hakula tena. Lakini kila sufuria aliionja, kutwa nzima.

"Mpishi aliyefunga Ramadhani huonja mchuzi kwa ncha ya ulimi, na saumu yake haiharibiki," anasema. "Nami nkajiambia, kuonja si kula. Kumbe mwenye saumu hutema! Mie nkimeza. Nani ateme halua, wallahi?"

Mwaka jana, 1970, kifua kilimbana akaanguka kando ya moto. Presha ilikuwa juu, na moyo ulikuwa umeanza kudhoofika.

"Daktari kanambia, sukari na moyo ni majirani wa ukuta mmoja. Huku kukiungua, na kule kunaungua."

Sasa anameza vidonge, samli na muhogo anakula kwa kiasi, na kila wiki anakwenda kupimwa. Mkojo huchemshwa pamoja na dawa ya buluu. Ukibaki buluu, salama. Ukigeuka rangi ya tofali, balaa. Wake ulikuwa tofali tupu. Juzi umetoka kijani, na presha imeteremka.

Bi Mwatima alitaka aiache kazi kabisa. "Nshamwambia auze mbatata, hasikii. Mtu mbishi huyu!"

Jaku anacheka, kisha anainamia sufuria yake.

"Hamu haifi," anasema. "Naota nakula halua ya moto, nikiamka mate yamejaa mdomoni. Na si utamu tu ninaoutamani. Natamani kujua kazi ya mikono yangu ina ladha gani. Watu wanaisifu, mie nasikia kwa wenzangu tu. Inaniuma, sikufichi."

Mwezi wa Mfunguo Tatu binti yao, Mwanakheri, anaolewa Bububu. Halua ya harusi atapika babake. Jamaa wanamshawishi ale walau kipande kimoja, ati siku moja haiui. Mwanakheri amesema wazi kwamba akimwona baba yake anatia halua mdomoni, yeye haendi kwa mume.

Je, atakula?

Jaku anauzungusha mwiko mara kadhaa kabla ya kujibu.

"Nnataka nimpikie na ya arubaini atapojifungua mtoto, Mungu akijaalia. Basi kipande changu siku ya harusi atakula Bi Mwatima. Ale polepole tu, nami nimtazame."